Mkanda wa giza ndani ya leza: kwa nini unajipinda kama nyoka halafu unaacha vorteksi

"Shikamoo mjomba, hivi kama solitoni ndo lile wimbi lisilokufa, mbona hii nyeusi wanasema inakufa, tena inakufa kwa kujinyonganyonga?"

Hilo ni swali la mpwa wangu, yuko Lindi anasoma fizikia, kanitumia WhatsApp usiku mimi huku Mtwara nimeshalala zamani. Asubuhi nikaanza kumjibu kwa voisi, voisi ikawa ndefu mpaka mwenyewe nikachoka kuisikiliza, nikaona bora niandike aisome kwa nafasi yake, na mwingine yeyote anayesumbuliwa na mada hii aisome.

Kwanza kabisa tatizo liko kwenye hayo maneno "wimbi lisilokufa", watu wanayakariri bila masharti yake. Solitoni haifi pale inapokuwa na mwelekeo mmoja tu wa kucheza. Ukiipa nafasi ya pembeni hadithi inabadilika, na kwa solitoni nyeusi, yaani mkanda wa giza unaosafiri ndani ya mwanga wa leza, inabadilika vibaya maana kinachoiua ni kilekile ambacho kwa akili ya kawaida kingetakiwa kuinyoosha. Hapo ndo utamu wa mada yote ulipo, hayo mengine ni maandalizi tu.

Historia nitaipitia mbiombio. Mwaka 1834 injinia Mskoti John Scott Russell alikuwa anaangalia boti inavutwa na farasi kwenye mfereji karibu na Edinburgh, boti ikasimama ghafla, lakini nundu la maji lililokuwa mbele yake halikusimama, likaendelea na safari, naye akalifukuza na farasi wake kwa maili moja au mbili likiwa linakwenda kama maili 8 au 9 kwa saa bila kubadilika umbo sana, mpaka likampotea. Mwaka 1895 Korteweg na de Vries wakaandika mlinganyo wake, halafu 1965 Zabusky na Kruskal wakaona kwenye kompyuta kwamba manundu ya namna hiyo yanapishana na kila moja linatoka na umbo lake, ndo wakayapa jina la solitoni. Sasa angalia, mfereji ni mwembamba. Nundu linaenda mbele, pembeni kuna kingo. Huo ndo mwelekeo mmoja ninaousema, na sifa karibu zote za solitoni mnazosikia zilizaliwa kwenye hali hiyo.

Turudi kwenye mwanga. Mwanga wa kawaida haujali chochote, unapita kwenye kioo na kioo kinabaki vilevile. Ila leza kali ikipita kwenye kitu kinachofaa inakibadilisha kile kitu, halafu kitu kilichobadilika kinambadilishia mwanga njia, na mwanga uliobadilishiwa njia unakibadilisha tena kitu, yaani ni mzunguko. Hiyo ndo optiki nonlinia. John Kerr aligundua mwaka 1875 kwamba umeme unaweza kubadilisha tabia ya kitu kinachopitisha mwanga, lakini ilibidi tusubiri leza ya Maiman mwaka 1960 ndo mwanga wenyewe uwe na nguvu ya kutosha kufanya kazi hiyo.

Kinachobadilika ni ule uwezo wa kitu kuchelewesha mwanga, ile namba tuliyokariri fomu tuu na fomu srii, maji 1.33, kioo 1.5 na kadhalika. Kanuni yake moja tu ya kukumbuka: mwanga unapinda kuelekea kule kunakochelewesha zaidi. Hii mtu wa kusini unaijua bila kujua, maana ukitoka Mtwara kwenda Lindi saa saba mchana, maeneo ya kule Mingoyo, unaona mbele lami imejaa maji na ukifika hamna maji wala dalili yake. Hewa iliyoigusa lami imepata joto, imetanuka, uwezo wake wa kuchelewesha umeshuka, kwa hiyo mwanga unaoshuka kutoka angani unakwepa joto unapinda kwenda juu kwenye hewa yenye nafuu, mpaka unaingia jichoni mwako. Unachokiona ni anga.

Sasa ondoa jua na lami, chukua kimiminika chenye rangi kidogo kinachonyonya sehemu ndogo ya mwanga, pitisha leza. Katikati ya leza ndo kwenye mwanga mwingi, ndo kunakopata joto, ndo uwezo wa kuchelewesha unashuka, na mwanga unakimbia katikati kwenda pembeni. Leza inajitawanya yenyewe. Kuna njia nyingine isiyohitaji joto, ni mvuke wa rubidiamu: unaseti leza iwe karibu na nanomita 780 lakini masafa yake yawe chini kidogo ya masafa ambayo atomu zinayapenda, na mvuke unafanya tabia hiyohiyo ya kutawanya. Ukiseti juu kidogo ya masafa hayo inakuwa kinyume, leza inajikusanya. Tunayoitaka leo ni ile ya kutawanya tu, maana kwenye ile ya kujikusanya hata uwanja mzima wa mwanga wenyewe hautulii, unakatikakatika kuwa vipande, na giza huwezi kulilea mahali ambapo mwanga unaolizunguka unavunjika.

Haya, giza lenyewe linatengenezwaje? Watu wengi wanadhani unaweka waya mwembamba mbele ya leza upate kivuli. Kivuli hakitoshi. Unachotakiwa kufanya ni kugeuza fezi, yaani nusu ya kulia ya leza iwe inapanda wakati nusu ya kushoto inashuka, ili pale zinapokutana zifutane. Fanya hivi: pitisha leza kwenye kipande cha kioo ambacho nusu yake imeongezwa unene kidogo sana, kiasi cha kuchelewesha mwanga kwa nusu ya wimbi. Kwa kioo cha 1.5 hesabu inatoka vizuri kabisa, unene wa kuongeza unakuwa sawa na urefu wa wimbi lenyewe, kwa leza ya nanomita 780 unaongeza nanomita 780, haifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Upande mmoja fezi ni nyuzi 0, upande mwingine nyuzi 180, na katikati mstari ambao mwanga lazima uwe sifuri. Sio kwamba mwanga umezuiwa pale, umefutwa na pande mbili zinazobishana. Hii tofauti ishike sana maana vorteksi, zile nukta za giza ambazo fezi inazizunguka, zitatokea humuhumu.

Kwenye hewa ya kawaida mkanda huo wa giza ungepanuka taratibu kadiri leza inavyosafiri, ni kazi ya difraksheni, kila kitu chembamba kwenye mwanga kinapanuka. Lakini ndani ya kile kitu cha kutawanya, pande zenye mwanga zimeshushwa uwezo wa kuchelewesha na mkanda wa giza haujaguswa, kwa hiyo gizani ndo kunakochelewesha zaidi, na kanuni yetu inasema mwanga unapinda kuelekea huko. Mwanga unasukumwa kuingia gizani, difraksheni inausukuma kutoka, zinafungana. Na mbona mwanga unaosukumwa kuingia haulijazi giza lote? Kwa sababu unaotoka kulia na unaotoka kushoto una fezi kinyume, katikati unafutana kila mara. Basi hiyo ndo solitoni nyeusi, mkanda wa giza wenye upana wake maalum unaosafiri na leza bila kupanuka wala kusinyaa. Ukiongeza ukali wa leza mara 4 upana wa mkanda unapungua kuwa nusu, hiyo namba itatusaidia mbele.

Kwenye nyuzi za mawasiliano hadithi ingeishia hapa. Hasegawa na Tappert mwaka 1973 walionyesha kwa hesabu kwamba waya wa kioo unaweza kubeba solitoni nyeupe, na kwamba kwa masafa mengine unaweza kubeba nyeusi, yaani kakipande ka giza ndani ya mwanga unaoendelea. Mwaka 1987 na 1988 zikapatikana maabara. Ndani ya waya ule mwembamba mwanga hauna pa kwenda pembeni, kuna mbele na nyuma tu, kwa hiyo solitoni nyeusi inatulia. (Msije mkadhani Mkongo wa Taifa unaotuletea intaneti huku ndo unatumia hizi, mifumo ya kawaida ya mawasiliano haikuchukua njia hiyo.) Ila mkanda niliouelezea juu, ule wa kwenye kimiminika au mvuke, una urefu. Ni mstari kutoka juu mpaka chini ya leza. Na mstari unaweza kupinda.

Hapa lazima nimlete ndugu yake, solitoni kijivu. Nyeusi ina sifuri kamili katikati. Kijivu katikati yake kuna mwanga kiasi, na fezi hairuki nyuzi 180 kamili, inapanda kwa pungufu ya hapo. Na kijivu haikai mahali pamoja, inatembea pembeni, inahama kulia au kushoto kadiri leza inavyosonga mbele. Kadiri ilivyofifia ndivyo inavyokimbia. Uhusiano wake ni msafi sana: gawanya mwanga wa katikati kwa mwanga wa uwanja, yaani ule unaouzunguka mkanda, tafuta kipeuo cha pili, hiyo ndo kasi yake ukilinganisha na kasi ya juu kabisa inayoruhusiwa. Mwanga wa katikati ukiwa robo ya uwanja, kasi ni nusu ya ile ya juu. Ukiwa sifuri, kasi ni sifuri, ndo nyeusi yetu imesimama.

Sasa fanya hesabu ya nishati. Solitoni iliyosimama, ile nyeusi ti, ndo yenye nishati kubwa kuliko zote. Ile kijivu ya robo inayokimbia kwa nusu kasi ina kama 65% tu ya nishati hiyo. Soma tena kama umepita haraka. Mpira ukiupa kasi unaongezeka nishati, lori hivyohivyo, mtu hivyohivyo, kila kitu unachokijua. Hii ikiongezeka kasi nishati inapungua. Kwa lugha ya fizikia hiyo maana yake ni moja tu, ina uzito hasi. Ukiisukuma kulia inaenda kushoto.

Mpwa wangu hapa aligoma kabisa, akasema mjomba hizo ni hesabu tu hakuna kitu chenye uzito hasi. Nikamwambia msimu wa korosho ukianza njoo Mtwara uangalie foleni ya malori yanayosubiri kushusha. Lori la mbele likisogea linaacha pengo nyuma yake, lori linalofuata likisogea kuziba, pengo limehamia nyuma, likija la tatu pengo limerudi nyuma zaidi. Malori yote yanakwenda mbele, pengo linakwenda nyuma. Pengo lenyewe sio kitu, ni mahali ambapo kitu hakipo, ndo maana linatembea kinyume na msukumo. Na solitoni nyeusi ni pengo ndani ya mwanga. Akanyamaza, nikajua imeingia.

Tuunganishe. Mkanda wa giza una nishati kwa kila kipande cha urefu wake, kwa hiyo mkanda mrefu una nishati nyingi kuliko mfupi, na kitu chochote cha namna hiyo kina mvutano, kinataka kifupike, kinataka kinyooke. Kwa mkanda wetu nguvu hiyo ipo kabisa, haijapotea. Tuseme kwa bahati mbaya sehemu moja ya mkanda imevimba kidogo kwenda kulia. Mvutano unaivuta sehemu hiyo irudi kushoto. Lakini ile sehemu ina uzito hasi, ukiivuta kushoto inakwenda kulia! Inavimba zaidi, mvutano unaongezeka, unavuta kwa nguvu zaidi, inakwenda kulia kwa nguvu zaidi. Wakati huohuo sehemu ya juu yake na ya chini yake zilizokuwa zimebonyea kushoto zinakimbilia kushoto. Mkanda mzima unaanza kujipinda kulia kushoto kulia kushoto, na hiyo ndo wanaiita kutotulia kwa nyoka.

Kinachonifurahisha mimi zaidi ni jinsi hesabu ya nishati inavyolipika bila deni. Mkanda uliojipinda ni mrefu zaidi, kwa hiyo ulitakiwa uwe na nishati zaidi, na hakuna aliyeileta. Inatoka wapi? Sehemu zinazokimbia zimekuwa kijivu, na kijivu ina nishati ndogo kwa kila kipande. Urefu unaongezeka, weusi unapungua, jumla haibadiliki. Kwa hiyo msitafute adui wa nje. Vumbi kwenye kioo na mtikisiko wa meza vinaanzisha tu ule uvimbe wa kwanza, gharama yote inayofuata mkanda unajilipia mwenyewe kutoka kwenye weusi wake. Kuznetsov na Turitsyn waliichambua kwa kina kwa solitoni za kwenye vitu vya kutawanya mwaka 1988, ingawa wazo la mawimbi ya namna hii kuyumba kwa pembeni lilishaanza tangu 1970 na Kadomtsev na Petviashvili.

Ila sio kila mpindo unakua. Mipindo mifupi sana difraksheni inaizima. Mpaka wake unajulikana kamili kwa solitoni nyeusi kwenye hali ya kawaida ya Kerr, yaani pale badiliko la kitu linapokwenda sawia na ukali wa mwanga: urefu wa mpindo mmoja, kutoka kilele mpaka kilele, lazima uzidi upana wa mkanda mara 2π, yaani mara 6.28 hivi, na upana hapa ni ile namba ya kugawia ndani ya umbo la tanh kwa wanaojua. Chini ya hapo unanyooka. Juu ya hapo unakua, na ule unaokua kwa kasi kuliko yote ni wa kati, sio mfupi wa karibu na mpaka wala mrefu kupitiliza. Mpindo mrefu sana unakua pia lakini unajikokota. Kwa hiyo mkanda mfupi uliofungiwa mahali pembamba unaweza kuishi raha mustarehe, hauna nafasi ya kutosha hata mpindo mmoja, na ndani ya waya wa kioo ndo hali imefika mwisho kabisa, mpindo hauwezekani hata kidogo.

Sasa swali la pili la mpwa, ambalo kwangu ni bora kuliko la kwanza: "Haya umejipinda, vorteksi zimetoka wapi?"

Vorteksi ya mwanga ni nukta, sio mstari. Katikati giza, na ukiizunguka nukta hiyo fezi inapanda nyuzi 0, 90, 180, 270 mpaka inarudi 360 ambayo ni 0 tena. Kwenye nukta yenyewe fezi haijulikani ni ngapi, basi mwanga pale hauna njia ila kuwa sifuri. Ukizunguka kulia ikawa inapanda tunasema chaji ya aina moja, ikawa inashuka chaji ya kinyume. Nye na Berry walizichambua kasoro za namna hii kwenye mawimbi kwa ujumla mwaka 1974, na jina la vorteksi za optiki likaja kushika baada ya kazi ya Coullet, Gil na Rocca ya mwaka 1989.

Sasa angalia mkanda unaojipinda. Kulia fezi ni 0, kushoto ni 180, hilo halijabadilika. Ile sehemu iliyovimba kulia imekuwa kijivu, maana yake katikati yake kumeingia mwanga kidogo, na mwanga huo una fezi, tuseme 90. Sehemu inayofuata chini yake imekimbilia kushoto, nayo ni kijivu, lakini imekimbia kinyume na kwa hiyo mwanga wa katikati yake una fezi kinyume, 270. Haya, kati ya sehemu hizo mbili kuna mahali. Mahali hapo hapakwenda kulia wala kushoto, pamebaki nyeusi. Simama hapo uangalie pande nne: kulia 0, juu 90, kushoto 180, chini 270. Umezunguka duara zima. Hiyo ni vorteksi, na hakuna aliyeileta, imebaki pale pale mkanda ulipokuwa baada ya majirani wake kufifia.

Shuka mpaka nukta nyeusi inayofuata chini. Juu yake sasa ndo kuna ile 270, chini yake kuna 90 nyingine, kulia na kushoto vilevile. Zunguka kwa mwelekeo uleule, fezi inashuka badala ya kupanda. Chaji ya kinyume. Kwa hiyo kila mpindo mmoja mzima unazaa vorteksi mbili, moja ya kupanda moja ya kushuka, zimepangana kwa kupishana kwenye mstari uleule wa zamani, na ukijumlisha chaji zote unapata sifuri kama ulivyoanza na sifuri. Chaji hizi haziwezi kuzaliwa peke yake peke yake katikati ya mwanga, ni lazima jozi. Na zile sehemu za kijivu katikati zinaendelea kufifia na kutawanyika pembeni mpaka zinapotelea kwenye uwanja wa mwanga.

Kama nilivyosema zamani kidogo, giza la mkanda lilikuwa la pande mbili zinazobishana. Tatizo la ubishi wa pande mbili ni kwamba unaweza kusuluhishwa: fezi inaweza kupita polepole kutoka 0 kwenda 180 kwa kupitia 90, mwanga ukaingia katikati na giza likaisha. Vorteksi ubishi wake ni wa duara zima, huwezi kuusuluhisha kwa kusogeza kidogo huku na kule, ni mpaka ikutane na mwenzake wa chaji ya kinyume ndo zifutane. Ndo maana mkanda unakufa na vorteksi zinabaki. Giza lililobaki ni lile gumu tu.

Kuziona kwa macho kuna ujanja mzuri sana. Picha ya kawaida inakuonyesha madoa meusi tu, hujui kama ni vorteksi au ni uchafu kwenye lenzi. Kwa hiyo unachukua leza nyingine safi kutoka kwenye chanzo kilekile, unaipiga juu ya ile ya kwanza kwa mshazari kidogo, unapata mistari ya intafiransi, yaani mistari ya mwanga na giza inayotokea mawimbi mawili yakikutana. Mahali pasipo na vorteksi mistari inapita imenyooka au imepinda taratibu. Mahali penye vorteksi mstari mmoja unagawanyika kuwa miwili, kunakuwa na uma. Uma ukiangalia juu ni chaji moja, ukiangalia chini ni nyingine. Uchafu wa lenzi hauwezi kuchora uma.

Majaribio yenyewe yalikuja kwa hatua. Mwaka 1991 Swartzlander na wenzake walionyesha mikanda ya giza na hata gridi za mikanda kwenye vitu vya kutawanya. Mwaka 1992 Swartzlander na Law wakaonyesha vorteksi iliyotengenezwa makusudi inasafiri kama solitoni, na 1993 wakarudi kwenye suala la mikanda kutotulia. Halafu 1996 ndo mwaka wenyewe, vikundi viwili viliripoti mkanda unavyojipinda na kuacha vorteksi: Tikhonenko, Christou, Luther-Davies na Kivshar kule Australia kwa mvuke wa rubidiamu, na Mamaev, Saffman na Zozulya kwa kristali ya fotorefraktivu, zile kristali ambazo mwanga unahamisha chaji za umeme ndani yake na kubadilisha njia yake. Tangu 1988 mpaka 1996 ni miaka mingi kwa kitu kilichokuwa kinajulikana kwenye karatasi, na sababu kubwa naona ni hii ya nafasi. Chombo kina urefu wake, hauongezeki ukiwa katikati ya jaribio. Mpindo unahitaji safari ya kutosha ili ukue uonekane. Unachoweza kuongeza ni ukali wa leza, na ukiongeza unapata faida mara mbili kwa mpigo, mkanda unakuwa mwembamba kwa hiyo mipindo mingi zaidi inaenea kwenye urefu uleule, na kila mpindo unakua haraka zaidi. Leza hafifu mkanda unatoka umenyooka kana kwamba hakuna kitu. Ongeza, umeanza kuyumba. Ongeza tena, madoa.

Jambo hilihili likaonekana hata pasipo mwanga. Kondenseti ya Bose-Einstein, yaani wingu la atomu zilizopozwa mpaka zote zinatenda kama wimbi moja, inafuata mlinganyo wa jamii moja na ule wa mwanga wetu. Mwaka 2001 huko JILA, Boulder, Marekani, kikundi cha Anderson na wenzake akiwemo Eric Cornell walitazama solitoni nyeusi ikivunjika ndani ya wingu la rubidiamu. Huko kuna pande tatu, solitoni sio mkanda bali ni kama shuka, na shuka likijikunja linaacha pete za vorteksi badala ya nukta. Hesabu ileile ya uzito hasi, umbo tu limebadilika.

Je unaweza kuuzuia mkanda usijipinde? Njia ya kwanza ni ile ya kuufupisha. Nyingine, na hii napenda zaidi, ni kutumia kitu ambacho badiliko lake linasambaa. Kwenye kimiminika kinachopata joto, joto halikai pale pale mwanga ulipo, linatambaa kwenda pembeni, kwa hiyo ramani ya kuchelewesha inakuwa na ukungu kuliko ramani ya mwanga. Ukungu ukizidi upana wa mkanda, mipindo midogo haipati jibu kali kutoka kwa kile kitu na ukuaji wake unapungua sana. Ndo maana matokeo ya kwenye kimiminika na ya kwenye mvuke hayatakiwi kulinganishwa kichwakichwa kama mnavyofanya wengine.

Mpwa wangu nimempa kazi na wewe mwenye laptopu unaweza kuifanya, umeme ukiwa umetulia. Andika kwa Python mlinganyo wa Schrödinger nonlinia wa kutawanya, pande mbili, kwa njia ya kugawa hatua na Fourier (split-step Fourier), gridi ya 256 kwa 256 inatosha. Anzia na tanh ya x kwenye uwanja wenye ukali 1, ongeza kelele ya 1%. Angalizo moja: Fourier inataka ukingo wa kulia ukutane na wa kushoto, na mkanda mmoja unageuza fezi kwa 180 kwa hiyo kingo hazitakutana, weka mikanda miwili iliyoachana mbali ili fezi igeuke mara mbili. Halafu endesha mara mbili, mara ya kwanza urefu wa y uwe 5, mara ya pili uwe 25. Ule wa 5 uko chini ya 6.28, hata ukiusubiri mpaka z, yaani umbali wa safari, ya 40 utabaki umenyooka. Wa 25 utauona unaanza nyoka, na usichore mwanga peke yake, chora na fezi, kisha hesabu nukta ambazo rangi zote zinakutana. Ukipata namba isiyogawanyika kwa mbili rudi kwenye programu yako, kuna kosa.